Oda Imefungwa, Salio Sifuri

Mwisho wa mwezi mhasibu wa kiwanda huwa na nguvu ambazo hata mganga hana. Oda ya uzalishaji imekula malighafi, vibarua, umeme na saa za mashine. Gharama iliyopangwa ilisema hivi, gharama halisi ikasema vile. Anabonyeza kitufe cha programu ya uhasibu: tofauti inahamia kwenye akaunti ya tofauti, kilichobaki mashineni kinaandikwa kazi inayoendelea, na oda iliyokamilika inasomeka sifuri. Hasara imebadilishiwa chumba tu.

Sisi huku Bukoba hatujanunua programu hiyo, ila mfumo tunao, tena wa siku nyingi. Unaitwa butura: mnunuzi anakuja kahawa ingali ua, anakulipa bei ya ua, mavuno ni yake. Serikali imepiga marufuku, kwa hiyo anakuja jioni. Lakini hebu tazama uzuri wake kihesabu! Programu ya mamilioni inasubiri bidhaa itoke ndipo ifunge oda. Sisi tunafunga kabla buni haijaiva, na ada ya shule imeshalipwa.

Kazi inayoendelea ipo, tele, chini ya migomba kibanja kizima. Mwenye kibanja anaipalilia, anaichuma, anaianika, anamlindia mwenye mali. Mkaguzi akifika huku kwetu Kahororo atauliza akaunti ya tofauti iko wapi, ile ya kati ya bei ya ua na bei ya mnadani. Iko, mzee wangu. Imeegeshwa pale barabarani, ina matairi manne, na mwenyewe yuko kilabuni anaagiza rubisi.