Shangazi, Bosi Kajibu "Ok"

*Shikamoo Shangazi. Nafanya kazi kwa mfanyabiashara wa mbao hapa Mafinga. Bosi hatulii: leo Makambako, kesho Mbeya, keshokutwa Dar. Nikimwandikia asubuhi "Shikamoo bosi", marahaba inakuja jioni. Juzi nilimuuliza tupakie lori la Tunduma au la Dar, akajibu "Ok". Mpaka sasa mbao ziko chini. Nifanyeje?*
*Mbao Chini, Mafinga*

Marahaba, mwanangu. Pole, lakini bosi hana kosa. Umemtumia salamu tupu, ukakaa kusubiri kama mtu aliyebisha hodi. Najua Nyanda za Juu tunasalimiana kwa kirefu. "Kamwene" ya Iringa ikianza huishia kwenye hali ya mifugo. Hayo ni ya barazani. Kwa mtu aliye njiani, shikamoo na shida zipande ujumbe mmoja.

Halafu hilo swali lako. Umempa malori mawili, akayakubali yote. Andika hivi: "Shikamoo bosi. Lori la Tunduma limefika, la Dar bado. Mteja wa Tunduma ameshalipa nusu. Naomba nipakie la Tunduma saa nane." Hapo "Ok" yake itakuwa na pa kukaa.

Makarani wa masijala walilijua hili zamani. Dokezo la afisa mvivu liliishia "naomba maelekezo yako", jalada likalala mezani kwa mkuu. Mwenzake aliandika "napendekeza", akaacha nafasi ya sahihi. Mkuu akaweka "naafiki", jalada likarudi kabla ya chai. Si kwamba mkuu alimpenda zaidi. Alikuta kazi ya kufikiri imeshafanywa.

Ila pesa ni habari nyingine. Kubalianeni mapema: akinyamaza kuhusu lori, upakie, akinyamaza kuhusu malipo, usiguse senti. Na ukipiga hesabu ukaona muda huu anateremka Kitonga, simu irudishe mfukoni. Ana kona mbele na malori nyuma. Mpigie akifika Ruaha Mbuyuni, amesimama anachagua vitunguu. Pale hata nyongeza ya mshahara unaweza kuijaribu, lakini usiseme nimekutuma.

*Shangazi, bosi wangu wa Mwanjelwa husema "nikumbushe kesho". Nikimkumbusha, namsumbua. Nisipomkumbusha, mimi mzembe.*
*Nimebanwa, Mbeya*

Kesho ya mabosi haina saa. Muulize palepale, "Kesho saa ngapi, bosi?" na uandike kwenye daftari akiona. Pia acha kuchungulia mlangoni kila dakika na jambo mojamoja. Yakusanye, ingia mara moja, lenye tarehe ya mwisho litangulie. Habari mbaya ndiyo usiikusanye na nyingine. Ipeleke ikiwa bado ya moto. Hapo Mwanjelwa mko sokoni. Ukichelewa wewe, muuza viazi atamwambia, tena kwa chumvi.

*Shangazi, mimi siandiki. Namtumia bosi ujumbe wa sauti, dakika saba, namfafanulia kila kitu. Hajibu.*
*Mfafanuzi, Uyole*

Zisikilize mwenyewe zote saba, mwanangu, bila kuruka. Ukimaliza, niandikie. Nimesema uniandikie.