Keki Imeliwa, Ndipo Mnasema Mlijua?

Jamani, haya mambo ya ndoa za kanisani! Msijifanye wageni, wote mmeyaona. Majina yanasomwa Jumapili tatu mfululizo: mwenye kujua kizuizi aseme. Kanisa zima kimya, kikohozi tu kinasikika. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inadai taarifa ya siku 21, watu wapate nafasi ya kuleta pingamizi. Hanyanyuki mtu!

Mtaani kwetu kamati ya harusi ilikaa vikao miezi minne. Ukumbi, MC, rangi ya sare. Vitambaa vya viti tu nusura washikane mashati. Mafundisho ya ndoa je? Bwana harusi kaenda siku mbili: ya kwanza kasinzia, ya pili katoka kupokea simu ya mpiga picha. Aaah, dunia hii!

Mwaka haujaisha, bibi harusi akagundua mumewe ana mwanamke mwingine na mtoto, tangu kabla ya pete. Kijiwe kizima kikageuka manabii: "Sisi tulijua zamani!" Mlijua, mkalamba keki mkanyamaza?

Binti wa watu akakimbilia kwa padri kutaka talaka. Padri akamwambia, mwanangu, Kanisa halina talaka. Serikalini nako, ndoa isiyotimiza miaka miwili haivunjwi bila ruhusa maalumu ya mahakama, tena muanzie baraza la usuluhishi.

Hapo mjuaji mmoja akadakia: "Si Papa Fransisko alilegeza mwaka 2015?" Ewe Mola! Alichofupisha ni mwendo wa kesi za ubatili. Ubatili si talaka. Unapima kama ndoa ilikuwepo kweli tangu siku ile madhabahuni. Yesu mwenyewe, Mafarisayo walipomtajia hati ya talaka ya Musa, aliwaambia ni ugumu wa mioyo yao, akawarudisha kule mwanzo, kwenye mwili mmoja. Hata mke anayepigwa Kanisa linamruhusu kutengana na mumewe aokoe roho yake, lakini kifungo cha ndoa kinabaki pale pale.

Sasa, kwa kesi hiyo ya ubatili, binti anatafuta mashahidi wa kuthibitisha kwamba alidanganywa. Mashahidi ni nani? Ni hawa hawa walamba keki! Sheria ya Kanisa Katoliki inamtaka kila mwamini anayejua kizuizi akiseme kabla ndoa haijafungwa. Basi ndugu yangu, Jumapili ijayo majina yakisomwa na moyo ukakugonga, usingoje kijiwe. Nenda kwa padri siku hiyo hiyo.