Waziri wa Fedha wa Nyumbani

Kila mwisho wa mwezi, baba mmoja wa Tabata hufungua daftari na kutangaza kubana matumizi. Wenzake wa Dodoma husoma bajeti mara moja kwa mwaka, mwezi Juni. Yeye hana subira hiyo. Panga la kwanza huangukia nyanya: mafungu mawili ya nini wakati moja latosha? Kisha mafuta. Dumu la lita 5 limefutwa, eti linakula hela nyingi kwa mpigo. Mtoto atumwe dukani kwa Mangi na kichupa, apimiwe ya siku hiyo. Kwamba mafuta ya kupima, ukijumlisha mwezi mzima, yangenunua lile dumu na chenji ikabaki, hilo halimo daftarini. Mchele wa Kyela umestaafishwa. Sukari inahesabiwa kwa vijiko, na mgeni akiingia anaulizwa kwanza kama daktari hajamkataza.

Juzi mkewe akauliza kwa upole: “Baba watoto, na ile kilo ya mbuzi choma ya Jumamosi, pamoja na vya kuteremshia, iko fungu gani?”

Mzee akavua miwani. Hiyo, akasema, ni mikutano ya kikazi.