Namna ya Kuzeeka Kabla ya Wakati

Ukitaka kuzeeka upesi, huhitaji jua kali wala jembe. Weka kinyongo. Mwenzio akikukosea leo, usimwambie leo. Mtunzie hadi wageni waje, umtolee yote pamoja na ya mwaka juzi. Mwaka 2005, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walichapisha matokeo ya jozi 42 za wanandoa waliotiwa malengelenge madogo mkononi, kisha wakaombwa wazungumzie jambo wanalogombania. Kwa wale wenye kutoleana maneno makali, vidonda vilipona kwa asilimia 60 tu ya kasi ya wenzao wenye staha. Kwa hiyo shikilia gubu lako, na kidonda kitakusubiri.

Kisha uchukie uzee wenyewe. Ukisahau funguo ukiwa na miaka 50, jitangazie kwamba umekwisha. Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale alionyesha mwaka 2002 kuwa watu wa mji mmoja wa Ohio waliouona uzee wao kwa jicho jema waliishi takriban miaka 7 na nusu zaidi ya waliouona kwa jicho baya.

Hatua ambayo familia nyingi zinaiweza bila kufundishwa ni kumzeesha mtu mwingine. Mama akipigwa na kiharusi, fanyeni kikao, mchagueni binti mmoja, yule anayekaa karibu au ambaye hajaolewa, halafu wengine mrudi mjini. Mwisho wa mwezi tumeni pesa. Mkipiga simu, ulizeni mama ameamkaje, kala nini, kalala vipi. Huyo binti msimuulize lolote. Akisema kachoka, mkumbusheni thawabu zake.

Mwaka 2004, watafiti Elissa Epel na Elizabeth Blackburn walipima damu ya akina mama 58, wengi wao wakiuguza watoto wenye maradhi ya muda mrefu. Walitazama telomea, vifuniko vya ncha za kromosomu ambavyo hupungua urefu kadiri chembe za mwili zinavyogawanyika. Kazi ya Blackburn juu ya vifuniko hivyo ndiyo iliyompatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Waliohisi kulemewa zaidi walikuwa na telomea fupi, kama za mtu aliyewazidi umri kwa miaka 10 au zaidi. Na kwa wanaouguza, miaka ya kuuguza ilivyozidi ndivyo telomea zilivyokuwa fupi. Akina mama 58 ni wachache, nakiri, lakini hali yao tunaijua: tumeiona kwenye nyuso za dada zetu, tukasema tu kwamba fulani siku hizi kachakaa.

Hakuchakaa mwenyewe. Tumemchakaza sisi, na jambo hili linaniuma. Kama kwenu yuko mmoja wa hao, panda basi Ijumaa hii, umgeuze mgonjwa wewe, umwogeshe wewe, ukeshe wewe, na dada yako alale.