Dereva Hayupo, Mwenye Gari Yupo

Agosti 2023, California iliziruhusu Waymo na Cruise kutoza nauli usiku na mchana jijini San Francisco kwa teksi zisizo na dereva. Kampuni mbili: ushindani huo! Oktoba gari la Cruise likamburuta mtembea kwa miguu, vibali vikasimamishwa; Desemba 2024 General Motors, mwenye Cruise, ikafunga mkoba. Uber iliuza kitengo chake cha magari yasiyo na dereva mwaka 2020. Sasa kule Austin inaiitia Waymo abiria. Mshindani kageuka mpiga debe! Tesla na Zoox wanabisha hodi, tuwaombee wafunguliwe. La sivyo, Waymo itapanga nauli peke yake, nasi tutawakumbuka madereva. Ulipomwambia dereva “punguza kidogo, kaka”, alinuna, kisha akapunguza. Usukani mtupu hata kununa haujui.