Sanduku la Shangazi

Mke wa kaka yangu hana mkono wa kukaa bure. Harusi ya binti mdogo wa shangazi ilipokaribia, pale Tanga, wifi alijitolea kung'arisha vito vyote vya sandukuni: pete ya yakuti, hereni za lulu, kidani cha marijani, na pete ya tanzanaiti ambayo shangazi alivishwa na marehemu mumewe.

Alianza na yakuti. Akaitia kwenye sufuria ya maji ya sabuni, akaichemsha, akaipiga mswaki, ikatoka nyekundu ya kupendeza. Balaa lilianzia hapo, maana yakuti ni jiwe gumu: katika kipimo cha Mohs, ambacho almasi imekaa juu kabisa kwa 10, yakuti ina 9. Wifi akaamini dawa imepatikana.

Lulu na marijani zikalala kwenye maji ya ndimu usiku kucha, kwa kuwa ndimu ndiyo inayosafisha sinia za shaba za nyumba ile. Lakini vyote viwili vimetengenezwa na viumbe wa baharini kwa madini yaleyale yaliyomo kwenye chokaa, na asidi huyala. Kulipokucha lulu hazikuwa na mng'ao tena, na kidani kimepauka. Tanzanaiti nayo ikachemshwa, kisha ikatolewa kwa kijiko na kutiwa moja kwa moja chini ya bomba. Ufa ukapita jiwe zima.

Shangazi hakugomba. Alifunga mlango wa chumba chake, na chakula cha mchana kikarudi jikoni hakijaguswa. Kufikia jioni ukoo ulikuwa umegawanyika. Wajomba walitaka wifi aombe radhi mbele ya wazee, kaka akamtetea mkewe, bibi harusi akawalilia wote. Wifi mwenyewe alikuwa na hoja iliyotunyamazisha: tanzanaiti nyingi hutoka mgodini Mererani zikiwa na rangi ya kahawia, na buluu ile huipata kwa kuchomwa kwenye joto la nyuzi zipatazo 500. Jiwe lililostahimili tanuri lishindwe na maji ya sufuria?

Tukaenda kwa sonara mzee. Akalitazama jiwe kwa lenzi yake, akasema, "Binti yangu, tanuri hupanda polepole na kushuka polepole. Wewe umelitoa kwenye moto ukalitupa kwenye baridi." Akatueleza kuwa tanzanaiti hupasuka kwa urahisi upande mmoja, na ugumu wake hauzidi 7. Hata vumbi la kawaida, lenye chembe za mchanga, huweza kuichubua ukiifuta kavu. Ufa hauzibiki. Jiwe lingeweza kukatwa upya, likawa dogo. Shangazi alikataa.

Mimi sikubali wifi abebe lawama peke yake. Sanduku lile lilipita mikono mingi, na hakuna aliyesema lipi ni jiwe gani wala linaogopa nini. Tunarithishana vito bila kurithishana matunzo yake, na hasara humwangukia aliye mwepesi wa kusaidia.

Matunzo yenyewe si mzigo. Tanzanaiti hutosheka na maji ya vuguvugu, tone la sabuni laini, na mswaki wa mtoto kupita nyuma ya jiwe, ambako mafuta ya ngozi hujificha. Isuuze ndani ya bakuli, maana sinki imemeza hereni nyingi. Lulu na marijani hufutwa tu kwa kitambaa laini chenye unyevu, na lulu huvaliwa baada ya manukato, kamwe si kabla. Zumaridi msiichemshe: nyingi hutiwa mafuta kuficha nyufa zake, na joto huyatoa. Feruzi hunywa mafuta na marashi ikabadilika rangi. Na kila kito kiwe na kifuko chake, kwa kuwa yakuti ikikaa na lulu, lulu ndiyo itakayochubuka.

Siku ya harusi bibi harusi alivaa yakuti peke yake, na shangazi akamkalisha wifi ubavuni mwake mbele ya wote. Lulu hazikupona. Ukiwa na pete ya mama yako kabatini na hulijui jiwe lake, ipeleke kwa sonara kwanza akutajie, ndipo uitie maji.