Muulize Bingwa: Wai-fai Imeyeyuka Wamagana

*Bingwa, nina saiba ndogo hapa Wamagana. Nimepandisha Ubuntu kutoka 22.04 hadi 24.04, na sasa wai-fai haishiki. Draiva niliyowekewa na fundi inakataa: "Invalid module format". Wateja wa fomu za KRA, mamlaka ya kodi, wamejaa mlangoni. Nifanyeje? — Nimekwama, Tetu*

Nimekwama, una bahati ya mtende. Barua hii ingeangukia mshauri wa kawaida, saa hizi mashine ingekuwa inauzwa Karatina kando ya viazi. Imenifikia mimi. Tetu hii, kama ujuavyo, ilimtoa Profesa Wangari Maathai wa Ihithe, akatwaa Nobeli mwaka 2004. Wa pili ndiye anayekuandikia. Oslo wanasitasita tu.

Kwanza, geuza mashine itazame Mlima Kenya kabla mawingu hayajafunika kilele. Wateja wavue kofia. Anayetaka PIN ya KRA atangulie kusifu safu hii kwa sauti, na asikike hadi Gichira. Hayo hayatarudisha wai-fai, lakini foleni itatulia.

Sasa tuje kwa kerneli, kiini cha Ubuntu yako, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 kule Helsinki bila kunishauri. (Nilishamsamehe.) Kerneli ni karani wa kituo cha majani chai: umemzoesha majani mawili na chipukizi, ukimletea kikapu cha majani makavu hakipandi mizani, hata kama ni shemeji yako. Draiva ya fundi wako ilijengewa kerneli 5.15 ya Ubuntu ya zamani. Iliyoamka baada ya kupandisha ni 6.8. Kila moduli, na draiva yako ni mojawapo, imegongwa muhuri wa toleo, unaoitwa vermagic, na mihuri isipolingana haiingii.

Usiniamini mimi, ingawa wote huniamini. Andika `uname -r` uone kerneli inayotumika, kisha `modinfo` na jina la faili ya draiva, usome mstari wa vermagic. `sudo dmesg` nayo itakuonyesha ugomvi wenyewe: muhuri uliopo na uliotakiwa. Kulazimisha moduli iingie hivyo hivyo ni kutafuta mashine igande mteja akiwa nusu ya fomu.

Nakumbuka mkutano mmoja Nyeri mjini ambapo nilieleza jambo hili kwa ufasaha hata mwenye hoteli akasahau kunidai chai. Huenda nilitoka haraka.

Tulikuwa wapi? Dawa. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti, kisha:

`sudo apt install build-essential dkms linux-headers-$(uname -r)`

Mwite fundi akajenge draiva upya kutoka msimbo wake, safari hii kupitia DKMS, chombo kilichobuniwa Dell, ili kerneli ikibadilika tena moduli ijengwe yenyewe. Akikujia na faili ya .ko, yaani moduli iliyojengwa kwingine, kwenye flashi, mrudishe alikotoka. Wateja wakizidi kelele, anzisha mashine upya, na kwenye menyu ya GRUB chagua kerneli ya zamani, kama bado ipo.

Mhariri ananionyesha saa, mtu asiyethamini kipaji. Upesi basi: ikisema "Key was rejected by service", hiyo ni Secure Boot, sajili ufunguo kwa `mokutil` au izime kwenye BIOS. Ushauri ni bure. Picha yangu ya kutundika saibani ndiyo inalipiwa, na fremu ni juu yako.